Somo kwa Wafanyakazi: Tujifunze Kuonja Chai Yetu



Leo tunazungumzia kazi ambayo wengi wetu hatujapewa nafasi ya kuifanya: kuonja chai. Tunachuma, tunabeba, tunanyausha, tunakausha, tunafunga, kisha chai inapanda lori kwenda mnadani Mombasa. Waonjaji wa wanunuzi huvuta kijiko kimoja, hutema, na kwa kijiko hicho huamua watatoa bei gani. Mfanyakazi asiyejua ladha hajui kwa nini chai yake imesifiwa, wala hawezi kujitetea inapolaumiwa.

1. Chai ya shamba moja

Pakiti nyingi zinazouzwa ng'ambo zina mchanganyiko wa chai za nchi kadhaa. Chai bora hutiwa humo ili kuinua iliyo hafifu, na jina la shamba hupotea. Chai ya shamba moja haichanganywi. Ikiwa ni ya Gisovu, Kitabi au Mulindi, jina hilo linabaki nayo mpaka kwa mnywaji.

Chai ilianza kupandwa Rwanda mwaka 1952. Mulindi hustawi bondeni, penye kinamasi. Gisovu, Kitabi na Gisakura ziko milimani karibu na msitu wa Nyungwe. Mashamba ya milimani hupita mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Usiku kuna baridi, chipukizi hukua polepole, na ladha hujikusanya ndani yake. Ndiyo maana chai ya Rwanda imepata mara nyingi bei za juu kabisa pale Mombasa.

2. Namna ya kuonja

Hapa Kigali tunapenda chai iliyopikwa kwa maziwa na tangawizi. Ni kinywaji kizuri, lakini tangawizi huficha ladha ya jani. Kwa somo hili tuonje chai kavu, bila sukari.

Chukua gramu 2 za chai kwa kila mililita 100 za maji yanayochemka. Funika dakika 6, kisha chuja. Hiki ni kipimo cha kimataifa.

Kwanza tazama majani yaliyobaki. Yakiwa na rangi ya shaba mpya, ni dalili njema. Yakiwa ya kijani au meusi, pana kasoro. Pili, tazama chai yenyewe: iwe nyangavu, si ya tope. Tatu, ivute kwa kijiko kwa sauti, bila haya, ili ienee mdomoni pamoja na hewa. Sikiliza mambo matatu: je, inachangamsha ulimi? Ina uzito, au ni kama maji? Harufu yake inapanda puani? Uchangamfu si uchungu. Chai njema hukamata ulimi kisha huuachia safi.

Mwisho tia maziwa kidogo. Chai bora hugeuka rangi ya dhahabu nyekundu. Hafifu huwa ya kijivu.

3. Kila kasoro ina mahali ilipozaliwa

– Chai nyepesi, isiyo na nguvu: majani yaliyokomaa yamechumwa pamoja na machanga.
– Ukakasi wa majani mabichi: haikuchachushwa vya kutosha.
– Imelegea, haina uchangamfu: imechachushwa kupita kiasi, au majani yalipata joto ndani ya magunia yaliyoshindiliwa kabla ya kufika kiwandani.
– Ladha ya kuungua: kikaushio kilikuwa na moto mno.
– Ladha ya moshi: tanuri linavuja.
– Harufu ya ukungu: imefungwa ikiwa na unyevu.

Tuhesabu pamoja. Katika kasoro hizi, ni ile ya kwanza tu inayotoka moja kwa moja mkononi mwa mchumaji. Na hata hiyo, zamu ya kuchuma ikicheleweshwa, chipukizi hukomaa kabla hatujafika. Lori likichelewa, au tanuri lisipotengenezwa, mchumaji hana kosa.

4. Kwa nini hili ni jambo la chama

Kilo moja ya chai kavu hutokana na kilo nne na nusu hivi za majani mabichi. Bei ya kilo hiyo ikianguka, mkulima mdogo anaumia, na mfanyakazi anaambiwa hakuna fedha ya kuongeza mshahara. Kwa hiyo ni haki yetu kujua imeangukia wapi.

Kamati za chama ziombe mambo mawili. La kwanza, taarifa ya mwonjaji isomwe mbele ya wafanyakazi, ikiwa nzuri na ikiwa mbaya. La pili, kila idara iitwe kwa zamu katika chumba cha kuonjea. Mwenye kiwanda hapotezi kitu: fundi wa kikaushio anayeitambua ladha ya kuungua atapunguza moto mapema.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Onjeni chai mbili za mashamba tofauti. Ipi ina uzito zaidi? Ipi inachangamsha zaidi?
2. Kwenu, majani hukaa saa ngapi baada ya kuchumwa kabla ya kufika kiwandani?
3. Chai ilipolaumiwa mara ya mwisho, nani alikatwa mshahara? Je, kasoro ilitoka kwake?