Mafiga Matatu na Ugonjwa wa Usubi

Wahenga walisema figa moja haliinjiki chungu. Napenda tuyatazame maneno hayo kwa mfano wa ugonjwa wa usubi, ambao wengine huuita upofu wa mtoni.

Usubi ni nzi mdogo sana, azaaye katika mito iendayo kasi. Akimwuma mtu huweza kumwambukiza minyoo. Minyoo ikikomaa huzaa watoto wengi, nao hutembea ndani ya ngozi na kuleta mwasho mkali. Wakifika machoni, mtu huweza kupofuka.

Mwaka 1987 kampuni ya Merck ya Marekani iliahidi kutoa dawa ya Mectizan bure, kwa kadiri na kwa muda wote itakavyohitajiwa. Lakini dawa iliyo ghalani haimponyi mtu. Basi Serikali zikaipokea na kuisafirisha, na vyama vya hiari vikasaidia gharama na mafunzo. Mwaka 1995 ukaanzishwa mpango wa APOC, uliodumu hadi 2015. Uganda, Kongo, Burundi na Tanzania zilikuwamo.

Hata hivyo likabaki swali: nani ataigawa vijijini? Jibu lilikuwa jipya: wanakijiji wenyewe. Hukutana, wakamchagua mgawaji wamwaminiye, wakapanga siku na mahali. Mgawaji huandika watu wa kila nyumba daftarini, kisha humpima mtu kimo kwa fimbo yenye alama, ampe vidonge kulingana na kimo hicho. Wajawazito na watoto wadogo hawapewi.

Mimi naona hapa ndipo penye fundisho. Dawa hii huua watoto wa minyoo, bali mnyoo mkubwa huweza kuishi zaidi ya miaka 10. Kwa hiyo yapasa kuimeza kila mwaka, miaka mingi, hata mwasho ukikoma. Amri ya ofisini huwachosha watu upesi, lakini kazi waliyoipanga wenyewe huilinda. Januari 2025 Shirika la Afya Duniani liliitambua Niger kuwa nchi ya kwanza ya Afrika kuukomesha ugonjwa huu. Basi jambo lawezekana.

Nanyi kaka zetu mliokwisha kumaliza shule, kijiji kikiwaita kushika daftari, msiseme hiyo ni kazi ya Serikali. Mafiga matatu yapo: Serikali, kampuni na vyama. Kuni ni juu yetu.