SOMO KWA UMMA: JE, INAFAA KULIPIA HUDUMA YA KUIPANDISHA TOVUTI?

Somo hili limetayarishwa kwa ajili ya watumishi wa serikali na wakazi wa Nkome na visiwa vya jirani, hususan wenye nyumba za kulala wageni na boti za kukodisha. Mwenye biashara akishafungua tovuti, haukawii kutokea wakala anayeahidi kwamba, akilipwa, ataifanya itokee ya kwanza katika Google. Inafaa kila mmoja aelewe anachouziwa.

1. Maana ya huduma hii

Mtambo wa kutafutia habari, kama vile Google iliyoanzishwa mwaka 1998, husoma kurasa za tovuti na kuzipanga kwa kadiri zinavyolijibu swali la mwulizaji. Kuipandisha tovuti ni kuiandika na kuipanga ili mtambo uielewe na mwulizaji aridhike. Jambo hili si tangazo. Tangazo hulipiwa kwa Google yenyewe, nalo hutiwa alama. Nafasi katika orodha ya kawaida haiuzwi. Google imekwisha kutamka kwamba hakuna awezaye kudhamini nafasi ya kwanza, na kwamba matunda ya kazi njema kwa kawaida huonekana baada ya miezi 4 hadi mwaka 1.

2. Nani anaihitaji

Mchuuzi wa dagaa ambaye wanunuzi wake humkuta mwaloni haihitaji. Hali ni tofauti kwa anayemngojea mgeni asiyemjua. Nkome ni mojawapo ya mahali pa kuvukia kwenda Rubondo, kisiwa kilichofanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 1977, chenye sokwe mtu walioanza kuletwa mwaka 1966. Mgeni aliyeko Dar es Salaam au Ulaya huuliza kwanza mtandaoni: nitavukia wapi, nitalala wapi? Akitajiwa Kasenda ya wilayani Chato peke yake, atapitia huko, na fedha zake zitabaki huko.

3. Yafanyike kwanza yasiyolipiwa

(a) Andikisha biashara yako katika ramani ya Google. Hakuna ada.
(b) Andika daima "Nkome, Geita", kwani ni rahisi mgeni kuichanganya na Kisiwa cha Kome kilichoko Buchosa, mkoani Mwanza.
(c) Eleza kwa Kiswahili na Kiingereza bei, saa za kuvuka na namba ya simu inayopokelewa. Weka picha za kweli.
(d) Waombe wageni walioridhika waandike maoni yao. Maoni yasinunuliwe.

4. Hesabu kabla ya kulipa

Tuchukulie kwamba wakala anadai shilingi 600,000, na kila mgeni anayelala usiku mmoja hukuachia faida ya shilingi 15,000. Ili fedha zako zirudi, yahitajika malazi 40 zaidi ya yale ambayo ungeyapata bila kulipa. Kama huoni yatakakotoka, usilipe. Au lipia kazi ndogo kwanza, mathalani kuandikiwa kurasa chache vizuri.

5. Tahadhari

Mwezi Februari 2006 Google iliiondoa katika orodha yake tovuti ya BMW ya Ujerumani kwa sababu ya kurasa za hila zilizokusudiwa kuuhadaa mtambo. Kampuni hiyo kubwa ilirudishwa baada ya siku chache. Mwenye nyumba ya vyumba 6 asitarajie kusikilizwa upesi hivyo. Kwa hiyo:

(a) Mkataba uwe wa maandishi, utaje kazi itakayofanyika, si nafasi itakayopatikana.
(b) Jina la tovuti na nywila zote zibaki mikononi mwa mwenye mali.
(c) Malipo yatolewe kwa awamu, kila awamu baada ya kazi kuonekana.
(d) Mtumishi anayetumia fedha za umma afuate taratibu za ununuzi, hata kama kiasi ni kidogo.

Kwa muhtasari, huduma hii yaweza kumfaa mwenye wateja wa mbali aliyekwisha kuyatimiza yasiyo na gharama. Anayeahidiwa nafasi ya kwanza aweke fedha zake mfukoni.