MAKADAMIA: MTI WA MSITUNI ULIOKUJA SHAMBANI

Huku kwetu makadamia ni karo ya shule. Katika makala haya nataka tuujue mti huu kama mti wa msitu, maana hapo pana funzo.

Asili yake ni misitu ya mvua ya mashariki mwa Australia, katika majimbo ya Queensland na New South Wales. Huwa na majani mabichi mwaka mzima. Mwaka wa 1857 mtaalamu wa mimea, Ferdinand von Mueller, aliupa jina la rafiki yake, John Macadam. Kenya uliletwa mwaka wa 1946.

Msituni hauishi peke yake. Kwanza, kuna nyuki wadogo wasiouma ambao hubeba chavua. Shada moja huwa na maua zaidi ya 100, lakini yanayozaa ni machache tu. Pili, kuna panya wa msituni. Ganda la kokwa hii ni gumu ajabu, lakini panya hulitoboa kwa meno! Baada ya miezi sita au saba tangu mti kuchanua, kokwa hukomaa na kuanguka zenyewe. Panya huziokota na kuzibeba. Ile inayomponyoka njiani huweza kuota.

Sasa hebu tujiulize, mbona sisi hatungoji? Walanguzi huja na magunia kokwa zikiwa changa. Mwenye shamba naye, akiwahofia wezi wa usiku, anachuma. Ati heri nusu shari kuliko shari kamili. Lakini kokwa changa haina mafuta ya kutosha. Jaribio ni rahisi: chukua kiini kilichokauka, ukitie katika glasi ya maji. Kilichokomaa huelea, kwa sababu zaidi ya asilimia 70 yake ni mafuta. Kichanga huzama, na bei nayo huzama pamoja nacho.

Huko Australia misitu mingi ilifyekwa, na leo aina zote nne za makadamia ya mwitu zimo hatarini kutoweka. Mti tunaoukimbilia hapa unaisha kwao.

Wenzangu, tuwaambie wazazi wasinyunyize dawa maua yakichanua, wasije wakawaua nyuki. Kisha tuache kokwa zianguke zenyewe. Ikiwa panya anaokota iliyokomaa, sisi je? Mvumilivu hula mbivu.