Pini Zimepinda, Usikimbilie Kibano

"Kaka, nimevuta feni, imetoka na prosesa yake. Pini zimelala." Simu za namna hii hunifikia jioni, mtu akiwa amefungua kompyuta ya mezani apulize vumbi. Humjibu hivi kila mara: iache ilivyo, usiirudishe kwenye soketi eti kujaribu, na usiinyooshe kwa kibano cha nyusi cha dada yako. Pini iliyopinda hunyooshwa. Prosesa nyingi ninazoshindwa kuzisaidia ni zile ambazo mtu alizilazimisha kuingia, pini zikakunjika hadi zikalala kabisa, au zikavunjika.

Karibu simu zote hizo zinahusu Ryzen za soketi ya AM4, zile zilizoanza kuuzwa mwaka 2017. Zina pini 1331 chini ya tumbo. Soketi yake inazibana pini kwa pembeni ukishusha kile kimkono, lakini juu ya prosesa hakuna kifuniko cha chuma cha kuishikilia. Pesti ya joto iliyokuja na feni ya kiwandani ikishapoa na kukauka inageuka gundi. Ukivuta feni moja kwa moja kwenda juu, prosesa inachomoka huku kimkono kikiwa bado kimefungwa, na ukiyumba kidogo tu pini za pembeni zinalala. Kinga yake ni rahisi: kabla ya kufungua, washa kompyuta, ipe kazi nzito kwa dakika kadhaa ili pesti ilainike. Zima, chomoa waya wa umeme, legeza feni, kisha izungushe taratibu kushoto na kulia mpaka uisikie inaachia. Ndipo uinue.

Kama imeshatoka nayo, usiingize bisibisi katikati kuibandua. Ipashe kwa drayeri ya nywele, ishike kwa kingo zake, uizungushe hivyo hivyo.

Kwa Intel mambo ni kinyume. Tangu soketi ya LGA775 ya mwaka 2004, pini za kompyuta zao za mezani zimehamia kwenye madabodi, na prosesa chini ina vidoa bapa vya dhahabu tu. AMD nao wakafuata njia hiyo kwa AM5 mwaka 2022. Kwa hiyo zile OptiPlex na EliteDesk za mtumba zilizojaa maofisini kwetu, nyingi zikiwa na Intel ndani, zikipata tatizo la pini, tatizo liko kwenye madabodi. Mteja akiniambia "prosesa yangu imepinda pini", swali langu la kwanza ni aina gani, kwa sababu jibu linaamua kama kazi ni ya nusu saa au ya mchana mzima.

Turudi kwenye AM4. Kabla ya kushika chochote, gusa chuma kitupu cha kasha la kompyuta ili umeme tuli uliobeba mwilini uondoke. Kisha chukua simu yako. Kamera ya simu ya kawaida inakuza kuliko macho ya fundi yeyote ninayemjua. Weka prosesa tumbo juu, mulika taa kutokea ubavuni, piga picha ukiwa umeinama usawa wa pini, mara moja kwa upande mrefu wa safu, mara nyingine kwa kukatiza. Pini zilizo sawa hujipanga kama mistari ya mahindi shambani, na iliyopinda inajitokeza yenyewe. Picha hizo mimi humtumia mteja kwa WhatsApp kabla sijaanza kazi. Ugomvi wa "ulipoileta ilikuwaje" umewaharibia mafundi wengi jina, na picha yenye saa na tarehe inaumaliza.

Kifaa ninachokipenda kwa kazi hii kinauzwa duka la vifaa vya shule: penseli ya kubonyeza yenye mdomo wa chuma, ya 0.5 au 0.7. Toa kijiti chote cha ndani, ubaki na tundu tupu. Valisha mdomo huo kwenye pini iliyopinda mpaka ufike karibu na mzizi, halafu isogeze kidogo. Toa, tazama, rudia. Usijaribu kuimaliza kwa mkupuo mmoja. Pini ni aloi ya shaba iliyopakwa dhahabu, na kila inapokunjwa na kukunjuliwa inazidi kuwa ngumu na kuelekea kukatika. Ukiipitiliza ukalazimika kuirudisha, umeshatumia uhai wake mara mbili.

Pini nyingi zikilala upande mmoja, penseli itakuchosha. Hapo natumia kadi nyembamba ya plastiki, au wembe uliofunikwa makali ya upande wa pili, naupitisha kati ya safu na safu kama reli, nikisukuma kidogo kuelekea zilikotoka. Baadaye napita tena kwa kukatiza, maana pini inaweza kuonekana wima ukiitazama huku na kumbe imelalia kule. Kuna mafundi wanaopasha moto prosesa kwanza ili pini "zilainike". Joto la drayeri halilainishi shaba, na joto la kuilainisha litaharibu vingine.

Kipimo cha kumaliza ni kuiweka tu. Inua kimkono cha soketi, linganisha pembetatu ya dhahabu kwenye kona ya prosesa na pembetatu ya kwenye soketi, iachie. Inatakiwa izame yenyewe kwa uzito wake. Isipozama, itoe ukaangalie tena. Ukihisi mkono unataka kubonyeza, simama, nenda kanywe chai.

Na ikivunjika? Usiitupe bado. Pini nyingi kati ya zile 1331 ni za umeme na za ardhi, na zinarudiana kwa wingi. Ramani ya pini za AM4 ipo WikiChip: hesabu safu kuanzia kona yenye pembetatu, uone iliyokatika ilikuwa na kazi gani. Ikiwa ni moja ya ardhi, kwa kawaida kompyuta itaendelea kama hakuna kilichotokea. Ikiwa ni ya data za RAM, chaneli moja inaweza kupotea, na wakati mwingine mashine inawaka ukihamishia RAM zote kwenye chaneli iliyobaki, kwa mwendo mdogo. Ikiwa ni ya PCIe, kadi ya picha inaweza kupoteza baadhi ya njia zake, au isionekane kabisa. Kupandikiza pini kutoka prosesa iliyokufa kunawezekana chini ya hadubini, kwa mkono uliozoea kulehemu, lakini linganisha kwanza bei ya kazi hiyo na bei ya prosesa ya mtumba ya daraja lilelile. Ujanja wa kudumbukiza kipande cha waya kwenye tundu la soketi nimeuona na siupendi. Waya ukisogea ukagusa jirani, utapoteza na madabodi.

Soketi ya Intel inahitaji uvumilivu wa aina nyingine. Namba yenyewe inakuambia idadi: LGA1151, LGA1200, LGA1700. Kila pini ya humo ni kispringi chembamba chenye ncha iliyojikunja, na prosesa inavikandamiza vyote kwa pamoja. Zungusha taa juu ya soketi. Ncha zote zinapaswa kumeta kwa mstari mmoja, na isiyometa na wenzake ndiyo uliyoitafuta. Ninatumia sindano ya kushonea na lenzi, nashika ncha tu, mzizi siugusi. Usipitishe kitambaa wala pamba humo, hata kama kuna uchafu, kwa sababu nyuzi hunasa kwenye ncha na kung'oa kundi zima. Na ukinunua madabodi ya mtumba Kariakoo au kokote, mwombe muuzaji afunue soketi mbele yako kabla hujatoa hela. Anayekataa ameshakujibu.

Madhara mengine yanasomeka haraka. Pesti iliyosambaa kwenye vidoa vya dhahabu inasafishwa kwa aisopropili na pamba ya masikio, uache pakauke. Mikwaruzo midogo kwenye kifuniko cha juu si tatizo. Kapasita ndogo zilizong'oka chini ya prosesa ni bahati nasibu, jaribu ndipo ujue. Kona ya ubao wake ikipasuka, basi, maana ndani kuna tabaka za njia za umeme zisizounganishika. Lakini doa jeusi la kuungua lisikufanye uweke prosesa nyingine upesi. Chunguza madabodi kwanza, inaweza kuwa ndiyo iliyoua ya kwanza na itaua na ya pili.

Kwenye majaribio naanza na vichache: RAM moja, feni, na kadi ya picha kama prosesa haina picha zake, na Ryzen nyingi za AM4 zisizo na herufi G hazina. Madabodi nyingi za sasa zina vitaa vinne vya uchunguzi, cha CPU kikibaki kinawaka narudi kwenye pini. Ikiwaka salama, najaza RAM zote na kuhakikisha BIOS inaziona kamili kwenye chaneli zote mbili, naangalia kadi ya picha inatumia njia ngapi, kisha naiacha MemTest86 usiku kucha.

Kwa wa mikoani wanaotuma kwa basi: msiifunge prosesa kwa gazeti wala kuichomeka kwenye sponji. Itieni kwenye kiboksi chake cha plastiki kilichokuja nayo, au kama hakipo, iacheni kwenye soketi ya madabodi kimkono kikiwa kimefungwa, feni ikiwa imeondolewa na kufungwa peke yake.