Safari ya Ulaya: Karatasi Zikubaliane Kwanza

Anayetoka Dar es Salaam au Nairobi kwenda Ulaya hukaguliwa na ubalozi, shirika la ndege, uhamiaji wa nyumbani na uhamiaji wa huko. Wote wanasoma habari za mtu mmoja. Zikipingana, safari inakwama. Haya ni maswali ambayo wasafiri huuliza sana.

Pasipoti yangu haijaisha muda. Mbona naambiwa haifai?

Kwa nchi za Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, iwe na kurasa 2 tupu, na ibakiwe na angalau miezi 3 baada ya tarehe utakayoondoka huko. Nchi nyingi nyingine hudai miezi 6. Anza na pasipoti, kwa kuwa viza, bima na tiketi vyote huifuata.

Niombe viza lini?

Maombi ya Schengen hupokewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari hadi siku 15 kabla. Usisubiri hizo 15: ombi linaloleta maswali huweza kuchukua siku 45. Bima ya safari iwe ya angalau euro 30,000. Barua ya ruhusa kazini, barua ya mwenyeji na bima zitaje tarehe zilezile.

Tiketi ina jina la mume wangu, pasipoti ina la baba. Cheti cha ndoa kitatosha?

Usikitegemee, dada. Omba tiketi isahihishwe mapema ifuate pasipoti. Shirika likimsafirisha abiria mwenye hati pungufu huweza kutozwa faini, tena likabeba gharama ya kumrudisha. Ndiyo maana wahudumu wa kaunta hawalegezi.

Nasafiri na mwanangu, baba yake anabaki. Nibebe nini?

Beba cheti cha kuzaliwa cha mtoto, barua ya ridhaa ya baba iliyothibitishwa na wakili, na nakala ya kitambulisho au pasipoti ya baba. Maafisa huuliza hivyo kuwalinda watoto wasitoroshwe. Wajibu kwa utulivu.

Mkaguzi wa mizigo atakataa nini?

Tangu mwaka 2006, ilipofichuliwa London njama ya kulipua ndege kwa vilipuzi vya majimaji, viwanja vingi huruhusu chupa zisizozidi mililita 100, zote ndani ya mfuko mmoja wa lita 1 unaoonyesha vilivyomo. Kinachohesabiwa ni ukubwa wa chupa, hata ikiwa nusu tupu. Mafuta ya nazi na achari ya embe viende kwenye begi la kupakiwa. Pawabenki ni kinyume: ikae begi la mkononi, kwa sababu betri ikishika moto mbele ya wahudumu huzimwa mapema. Dawa zibaki kwenye pakiti zake, pamoja na cheti cha daktari.

Nikishapata viza, nimeshaingia?

Bado. Afisa wa mpakani ana mamlaka ya kukuuliza unafikia wapi, una fedha gani na unarudi lini. Weka barua ya mwenyeji, bima na tiketi ya kurudi kwenye begi la mkononi, maana begi kubwa hulipati mpaka upite kwake. Siku chache kabla ya kuondoka, zitandaze karatasi zote mezani, usome jina, tarehe ya kuzaliwa na namba ya pasipoti herufi kwa herufi. Kosa linaloonekana nyumbani bado lina muda wa kurekebishwa.