Paka Mzee Akikojoa Ndani
Paka aliyekuwa msafi miaka yote akianza kukojoa sebuleni uzeeni, mara nyingi ni mgonjwa, si mtundu. Chanzo huweza kuwa figo, kisukari, maambukizi ya kibofu au maumivu ya viungo. Kwenye ghorofa za Umoja, Kayole au Donholm, huenda ngazi zimemshinda.

Usimchape wala kumnyima maji, hata siku za mgao. Mwekee beseni la mchanga lenye ukingo mfupi karibu na anapolala. Usimpe Panadol, huua paka. Mpeleke kwa daktari wa mifugo. Chuo Kikuu cha Nairobi kina kliniki ya wanyama Kabete. Dume akijikamua na mkojo hautoki, usingoje kesho: anaweza kufa.