Chuo, Lisansi na Kuwa: Maneno Matatu Yanayompotosha Mfinalisti

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa Serikali, ambao sote tunauita Exetat, yakishafika kwenye simu, vijana wa Kindu hubaki na wiki chache tu za kuamua watasoma nini na wapi. Mtihani wenyewe umekuwapo tangu mwaka 1967, na kila mzazi anajua kwamba diploma hupatikana kuanzia asilimia 50. Kinachofuata diploma hakijulikani vizuri hivyo. Makala haya yanaeleza jambo moja niliyoligundua nilipokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha katika darasa la mwisho la humanite: uchaguzi mbaya wa masomo mara nyingi huanza kwenye maneno. Karatasi za kujiandikisha zimeandikwa kwa Kifaransa, mashauri ya nyumbani hufanywa kwa Kiswahili, na katikati yake maana hupotea. Sisi wa fakulte ya lugha tuna kazi hapo.

Neno la kwanza: chuo

Vitabu vyetu vya Kiswahili sanifu husema chuo na chuo kikuu. Barabarani Kindu watu husema iniversite kwa karibu kila mahali mtu anapokwenda baada ya diploma. Kwa njia zote mbili tunapata jina moja kwa mambo matatu. Sheria ya elimu ya taifa ya tarehe 11 Februari 2014 inatenganisha vyuo vikuu, vyuo vya juu vya ualimu (ISP) na vyuo vya juu vya ufundi, ambamo ISTM ya mambo ya tiba imo. Vyote ni elimu ya juu. Tofauti yake iko katika kazi ambayo kila kimoja kinamwandalia mwanafunzi.

Kivumishi "kuu" nacho huleta matatizo. Mzazi akisikia "chuo kikuu" huelewa "chuo kikubwa", na kile kisichoitwa kikuu anakiona kuwa kidogo, mahali pa kumpeleka mtoto aliyeshindwa kwingine. Lakini tuangalie mfano wa ualimu. Anayesoma ISP hufundishwa somo lake pamoja na namna ya kulifundisha, na mazoezi darasani ni sehemu ya masomo yake. Anayesoma somo hilohilo chuo kikuu akitaka baadaye kufundisha humanite, huhitaji mafunzo mengine ya ualimu, yaani agregasyo. Kwa kijana anayejua tayari kwamba anataka kufundisha, ISP ndiyo njia iliyonyooka. Kwa anayependa kutafiti, chuo kikuu kinaweza kumfaa zaidi. Heshima ya jina isiwe ndiyo inayoamua.

Tunapotafsiri kwa wazazi, basi, tusiishie kwenye neno "chuo". Tuseme chuo cha nini: cha ualimu, cha uuguzi na maabara, cha biashara, cha utafiti. Maneno mawili ya nyongeza yanaweza kuiokolea familia mwaka mzima.

Neno la pili: lisansi

Hili ndilo lililonishangaza zaidi. Katika kikao kimoja na wazazi, baba mmoja mwenye umri wa kunizaa aliniuliza kwa upole:

"Mwalimu, unasema mtoto atapata lisansi kwa miaka mitatu. Mdogo wangu alisoma lisansi miaka mitano. Hawa wanatupunguzia masomo, ama wanatudanganya?"

"Hapana, Baba. Neno ni lilelile, ila ngazi imebadilika."

"Basi utuelezee hiyo ngazi, kwa sababu mimi ndiye nitakayelipa."

Alikuwa na haki ya kuuliza. Katika mfumo wa zamani, miaka mitatu ya kwanza ilimpa mtu gradua, kisha miaka miwili mingine ikampa lisansi. Katika mfumo wa LMD, ambao nchi yetu iliuanza kwa upana katika mwaka wa masomo 2021-2022, lisansi ni miaka mitatu yenye kredi 180, masta ni miaka miwili yenye kredi 120, na doktora hufuata. Kwa hesabu ya miaka, lisansi ya leo inasimama pale gradua ilipokuwa inasimama, na masta ndiyo inayofikia miaka mitano ya mdogo wake yule baba.

Kwa mwanaisimu, huu ni mfano wa neno lililobaki na umbo lake huku maana yake ikihama. Kwa familia ni suala la mfuko. Aliyepanga fedha za miaka mitatu akidhani mtoto atatoka na hadhi ile ya miaka mitano atakuta bado kuna mlima mbele. Aliyeogopa miaka mitano akamzuia mtoto, naye hakujua kwamba baada ya mitatu kuna shahada kamili mkononi. Tuwaambie wote wawili hesabu hiyo mapema, kwa Kiswahili, na tarakimu zikiwa zimeandikwa ubaoni.

Neno la tatu: kuwa

Mfinalisti huulizwa na kila mtu: "Unataka kuwa nani?" Swali hilo linadai jina, na majina tunayowapa watoto wetu ni machache: daktari, avoka, injinia, waziri. Hivyo darasa la watu arobaini linatoa majibu manne.

Nilijaribu kubadilisha sarufi ya swali. Badala ya nomino niliomba kitenzi: "Kila siku, kuanzia asubuhi, ungependa kufanya kazi gani?" Majibu yakabadilika: kutibu, kuhesabu, kutetea, kulima vizuri zaidi, kutengeneza mashine, kuandika, kufundisha wadogo. Kitenzi kimoja hufungua milango mingi. Chukua "kutibu". Ndani yake kuna utabibu wa chuo kikuu, lakini pia kuna uuguzi, ukunga, maabara na afya ya jamii. Msichana mmoja aliyekuwa anasema "daktari au basi" aliandika chini ya kitenzi chake: "Nataka kukaa karibu na wagonjwa." Tuliposoma pamoja kazi za muuguzi na kazi za daktari, aliona mwenyewe ni nani hukaa karibu na mgonjwa kwa saa nyingi zaidi. Sikumchagulia mlango. Alitoka kikaoni akiwa na milango miwili ya kuzungumza na mama yake.

Baada ya kitenzi huja opsyo aliyoisoma humanite na alama zake za miaka miwili ya mwisho. Aliyesoma pedagojia, biashara au biolojia-kemia hana msingi uleule, na fakulte nyingine hudai asilimia ya juu kuliko 50 au huweka mtihani wa kuingia. Haya yasomwe kwenye tangazo la shule yenyewe, si kwa kusikia kwa jirani.

Umbali na gharama

Kuna imani ya zamani kwamba masomo ya kweli yako mbali. Imani hiyo ina historia. Lovanium ilifunguliwa Kinshasa mwaka 1954, chuo kikuu cha Lubumbashi mwaka 1956 na cha Kisangani mwaka 1963. Mwaka 1971 vyote vitatu viliunganishwa kuwa UNAZA, na fakulte zikagawanywa: lugha na fasihi zikawekwa Lubumbashi, saikolojia na elimu Kisangani. Hadi UNAZA ilipovunjwa mwaka 1981, kijana wa Maniema aliyependa lugha hakuwa na la kufanya ila kusafiri. Leo Kindu ina Chuo Kikuu cha Kindu na vyuo vya juu kama ISP, na swali "Uende wapi?" linastahili kuulizwa upya.

Kwenda mbali bado kunaweza kuwa sahihi, ikiwa somo analolitaka kijana halifundishwi hapa. Lakini gharama ihesabiwe yote. Kwenda Lubumbashi ni reli ndefu au ndege. Kwenda Kisangani kwa mto ni kushuka Lualaba hadi Ubundu, na kwa kuwa maporomoko ya maji yanaziba njia kati ya Ubundu na Kisangani, safari humalizikia nchi kavu. Ongeza kodi ya chumba, chakula, silabi, ada za kila mwaka na kuchapisha kazi ya mwisho wa mzunguko. Kisha zidisha kwa miaka mitatu. Familia nyingi huuza mali ili kulipa mwaka wa kwanza, halafu mwaka wa pili kijana anarudi nyumbani bila shahada na bila ile mali. Hesabu ya mwaka mmoja haitoshi kuamua.

Namna ya kuendesha kikao

Napendekeza kwa wenzangu watakaokwenda shuleni mwaka huu hatua nne ambazo zilinifaa.

Kwanza, mfinalisti aandike vitenzi vitatu vya kazi anayoipenda, na chini ya kila kimoja alama zake za masomo yanayohusika.

Pili, mchore karatasi ya safu mbili. Kushoto, jina la masomo kwa Kifaransa kama lilivyo kwenye tangazo, kwa sababu ndilo atakalolikuta kwenye fomu. Kulia, maelezo ya Kiswahili kwa sentensi nzima: anayesoma hapa hujifunza nini, na hutoka akiweza kufanya nini. Neno moja la kutafsiri halitoshi.

Tatu, aende na maswali yaleyale kwa shule mbili au tatu: masharti ya kuingia ni yapi, gharama zote ni ngapi, mazoezi ya kazi hufanyika wapi, na baada ya lisansi masta iko hapa au kwingine? Kwa shule ya binafsi aombe kuona hati ya serikali inayoiruhusu kufundisha. Shule isiyotaka kuionyesha imeshajibu.

Nne, mzazi au mlezi awepo, na kikao kiwe kwa Kiswahili. Mama anayeuza sokoni anajua hesabu kuliko sisi. Akipewa tarakimu kwa lugha anayoielewa, atauliza maswali ambayo kijana hakuyafikiria. Lakini mwalimu asiamue. Kazi yetu ni kuhakikisha kwamba wote wawili wanazungumza juu ya kitu kimoja.

Darasani tunajifunza semantiki na nadharia za tafsiri, na mara nyingi tunaulizwa zinafaa nini. Wafinalisti wa mwaka huu wako umbali wa mwendo wa miguu kutoka hapa. Tungeweza kuandaa karatasi hizo za safu mbili kwa masomo yote yanayofundishwa Kindu, wahadhiri wakazisahihisha, na kuzipeleka shuleni kabla ya Exetat, kijana akiwa bado ana muda wa kuuliza.